Nani Alishinda Kule Irente

Dar es Salaam,
9 Novemba 1975

Dada yangu mpendwa Dorkasi,

Shikamoo dada. Mama mpe shikamoo yangu na umshike mkono badala yangu. Shemeji Timotheo mwambie betri za redio nimezipata, ila natafuta mtu mwaminifu wa kumpa, maana yule wa mwisho alifika Mombo akazitia kwenye tochi yake. Mimi mzima. Joto la huku linaniondolea usingizi lakini hamu ya kula iko pale pale. Nimefurahi kusikia kikohozi cha mama kimetulia na ng'ombe kazaa ndama jike.

Sasa nikupe lililonifanya niandike kabla mwezi haujaisha. Nyumbani mkisikia fulani anasomea uhandisi, mnamwona mtu mwenye spana mkononi. Dada, hawa vijana ninaowafundisha wako mwaka wa pili, na wanaweza kukuchorea gurudumu la meno ukatamani kulitundika ukutani. Lakini juzi bawaba ya mlango wa bweni iling'oka, wakawa wanaingilia dirishani juma zima wakimsubiri fundi wa chuo arudi kutoka msibani. Wahandisi wa taifa, dirishani, miguu inaning'inia! Karakana tunayo, ina mashine nzuri, ila ufunguo anao Mkuu wetu wa chuo, naye anaogopa mashine zitachafuka.

Nimemwomba niwashindanishe. Makundi matatu, kila kundi litengeneze kwa mikono yake mashine ya kupukuchua mahindi, kwa mbao, vyuma chakavu na baiskeli kuukuu, bila kuagiza hata nati moja kutoka nje. Mtu akijua mwenzake anamkimbiza, hulala na patasi. Mkuu kakubali kwa shingo upande na sharti kaliweka: lazima apatikane mshindi mmoja asiye na ubishi, na mashine yake iende kwenye maonyesho ya Sabasaba. Asipopatikana, karakana inafungwa, nami nahamishiwa ofisini kugonga mihuri. Mimi nikikaa kugonga mihuri, dada, mtanizika kabla ya wakati.

Mashine ya mahindi haipimwi kwa chaki. Nataka zipimwe kwenu, mwezi wa pili, mahindi ya vuli yakiwa yamekauka. Nakuomba umwone Mzee Juma, mwenyekiti wa kijiji, umweleze vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Fanueli


Irente,
30 Novemba 1975

Kwako mdogo wangu Fanueli,

Bwana Yesu asifiwe. Marahaba, na mama anasema marahaba mara mbili kwa sababu ya ile barua ya mwezi wa tisa uliyosahau kumwamkia. Hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, viazi vimekubali, kabichi zimekataa. Timotheo anasema betri asiletewe na mtu, aletewe na wewe mwenyewe.

Mzee Juma nilimwendea baada ya sala yake ya alasiri, wakati ambao huwa mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama mashindano yanaruhusiwa kwenye kijiji cha ujamaa, maana yeye aliambiwa kwenye semina kwamba tunakwenda bega kwa bega, na anayeshindana yuko mbele ya bega la mwenzake. Nikamwambia hata timu za mpira hushindana, na serikali huzipigia makofi. Akafikiri, akakubali. Kasema wageni wakaribie, chakula kitakuwepo, na mahindi si haba. Basi hilo limekwisha, usikonde.

Nami nina swali langu. Unarudi lini nyumbani? Siulizi kutembea. Nauliza kurudi. Tangu baba alipotutoka mama huuliza kila basi la Lushoto linaponguruma kule barabarani, nami nimechoka kumjibu kwamba hilo lilikuwa lori la mbao. Mafundi wanatakiwa hata Tanga, na Tanga mtu anapanda Ijumaa akashuka Jumapili. Ukijibu barua hii ujibu na hilo.

Dada yako,
Dorkasi


Dar es Salaam,
4 Januari 1976

Dada Dorkasi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Shikamoo mama, shikamoo tena mama, na hiyo ya tatu ni akiba. Pole kwa kabichi.

Ungeona karakana sasa ungecheka mpaka ukae chini. Rubeni, kijana wa Songea mwenye alama za juu kuliko wote, siku ya kwanza alipiga nyundo kidole chake mwenyewe, akakitazama kama hakukitegemea kuwa pale. Sasa kundi lake limefunga baiskeli kwenye fremu, mtu akikanyaga pedeli gurudumu la meno linazunguka na hindi linachunwa. Sefania na wenzake wamekata sahani ya mti ya kuchunia punje. Nimewaambia mti ule bado mbichi, wamenionyesha hesabu zao zikisema utahimili. Nimewaacha. Hesabu na mti mbichi watakutana wenyewe. Kundi la tatu linaongozwa na Zuhura, msichana pekee tuliye naye. Wao wana ngoma ya mkaratusi yenye misumari, ya kuzungusha kwa mkono. Zuhura huja karakana kabla yangu, na jioni namfukuza ndipo nifunge.

Hawalali, dada. Kundi moja likisikia jingine limepata beringi nzuri kwenye vyuma chakavu, kesho yake wote wako huko jalalani. Vijana wale wale wa dirishani! Na ile bawaba ya bweni wameitengeneza, wakagombania nani aitengeneze.

Kanuni ni hizi, umsomee Mzee Juma taratibu: mafungu matatu ya mahindi yaliyo sawa, kila kundi na fungu lake, wote waanze pamoja. Anayemaliza kwanza bila kuvunja punje nyingi ndiye mshindi. Basi, hakuna kingine. Siku ni Jumamosi, tarehe 21 Februari. Nitakuja nao.

Hilo la kurudi nyumbani tutaliongea tukionana.

Ni mimi,
Fanueli


Irente,
25 Januari 1976

Mdogo wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi wazima, ila Timotheo kateleza akienda kiwanda cha mbao na mguu umevimba, kwa hiyo yuko nyumbani akinifundisha kupika. Umuombee, au uniombee mimi.

"Tutaongea tukionana" nimeisoma na nimeielewa. Mara ya mwisho tulipoonana hatukuongea, uliondoka alfajiri. Mama alikuwa amekufichia viatu, nawe ukashuka hadi Mombo na kandambili za Timotheo. Anazikumbuka mpaka leo.

Kanuni zako nimemsomea Mzee Juma mara mbili, naye akatikisa kichwa kwa kukubali kila mstari. Kisha akatangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba tarehe ishirini na moja wageni kutoka Dar es Salaam watakuja na mashine tupukuchue nao mahindi, kila nyumba ijiandae. Nilimwambia, "Mwenyekiti, hukusema mashindano." Akaniambia watu watayaona wenyewe wakifika. Mimi nimewekwa kiongozi wa wapishi. Tutapika ugali wa bada na maharage, na mbuzi katolewa na kijiji.

Mama anakufulia shuka.

Dorkasi


Dar es Salaam, hospitalini,
26 Februari 1976

Dada,

Shikamoo. Usishtuke kuona hospitali, ni malaria na imeanza kuniachia. Ilinikamata usiku wa kuamkia safari. Nilijaribu kupanda lori la chuo, dereva Salimu akanishusha akasema yeye hasafirishi maiti mtarajiwa. Ikabidi vijana waje wenyewe na mashine zao. Najua mama alisubiri na shuka zake, nisaidie kumtuliza.

Salimu naye karudi, lakini hana analojua: klachi ililala hapo Mombo, akabaki na lori, mashine zikapanda kwa lori la mbao. Vijana nao wametawanyika makwao likizo moja kwa moja kutoka huko, hawarudi mpaka mwisho wa Machi. Kwa hiyo niko hapa kitandani nikiwa mtu wa mwisho nchini kujua matokeo ya mashindano yangu mwenyewe.

Nani alishinda? Niandikie jina tu, hata kwenye kipande cha karatasi. Mkuu kanitumia mtu mara mbili kuuliza.

Fanueli


Irente,
14 Machi 1976

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Pole sana, pole tena. Mama alilia, halafu akasema malaria ni ya huko chini na anayekaa huko chini kaitaka. Maziwa tungekuletea lakini yangefika jibini. Mguu wa Timotheo umepona, amerudi kazini, namshukuru Mungu na meneja wake.

Wageni walifika salama. Vijana wazuri, wana adabu, waliamkia kila mtu mpaka wakamwamkia mtoto wa jirani aliyevaa koti la babu yake. Walikula vizuri. Yule Sefania alikula bada kama aliyezaliwa Bumbuli. Mahindi yamepukuchuliwa yote. Jumapili baadhi yao walikuja kanisani, na Zuhura na Waislamu wengine walikula kwa Mzee Juma. Mzee Juma kafurahi sana, anasema serikali ilete wengine.

Mvua za masika zinaanza, njia ya Mazinde inateleza. Ndama anakua. Ukipata nafuu niambie ni lini unarudi nyumbani, maana hukujibu.

Dada yako,
Dorkasi


Dar es Salaam,
28 Machi 1976

Dada Dorkasi,

Shikamoo. Nimepona. Namshukuru Mungu kwa ndama, kwa mguu wa shemeji na kwa hamu ya kula ya Sefania.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jina la mshindi, nikafikiri labda umeliandika nyuma ya karatasi. Nyuma kuna bei ya mbegu za karoti. Vijana wamerudi. Nimemuuliza Rubeni, kasema, "Mwalimu, labda umuulize mama Dorkasi." Nimemuuliza Sefania, kasema yeye hakuwa karibu. Hakuwa karibu na mashine yake mwenyewe! Zuhura kanitazama, akatabasamu, akaniambia dada yako anakusalimu sana.

Halafu kuna mashine. Zimeondoka hapa mashine tatu. Zimerudi mbao mbili na pedeli moja kwenye gunia. Nyingine ziko wapi?

Dada, sina kawaida ya kukufokea na sitaanza leo. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kunipeleka shule mvua ikinyesha. Lakini Mkuu ananiita ofisini tarehe kumi Mei, na nikienda bila jina, karakana inafungwa siku hiyo hiyo. Nani alishinda?

Fanueli


Irente,
18 Aprili 1976, siku ya Pasaka

Fanueli,

Amefufuka. Mama anakusalimu, na leo kala nyama.

Barua yako ilifika siku ya Ijumaa Kuu, nikaona ni haki yangu. Sasa kaa nikueleze, na usinikatize, ingawa najua huwezi.

Ile asubuhi mafungu yalikuwa matatu sawasawa, niliyapima kwa debe mwenyewe. Mzee Juma akapuliza filimbi, vijana wakaanza, na watu wote wakashangilia. Wa baiskeli walikuwa wanakimbia. Mashine yao ikatoa punje nzuri, nzima. Wa misumari walikuwa nyuma yao kidogo. Wa sahani, sahani ikapasuka ikawa vipande viwili, Sefania akavishika kimoja huku kimoja kule, nilimwonea huruma.

Jua halijawa kali, Rubeni akamaliza fungu lake. Akaruka juu, wenzake wakambeba, wakaanza kuimba. Halafu wakaja jikoni kunawa mikono.

Wewe umezaliwa hapa. Tukialikana kazi, iwe kulima shamba la mjane au kuezeka nyumba, nani hunawa mikono kwa sababu ngwe yake imekwisha? Amalizaye ngwe yake huhamia ya aliye nyuma, na sufuria haifunuliwi mpaka jembe la mwisho litue. Ulicharazwa na baba kwa jambo hilo hilo ukiwa na miaka tisa. Nikawauliza, "Mnakwenda wapi?" Rubeni akasema, "Mama, sisi tumeshamaliza, tumeshinda." Nikamwambia, "Hamjamaliza. Wale bado."

Ni mimi niliyesema, Fanueli, si Mzee Juma. Nilikuwa na mwiko mkononi na neno likatoka lenyewe. Vijana wakatazamana. Walikuwa na njaa, na mbuzi alikuwa ananukia. Wakarudi.

Walipofika kwa Sefania wakaona sahani haifai tena. Wakabishana kwa Kiingereza, kisha wakaacha kubishana wakachukua spana. Fremu ya Sefania ilikuwa imara, ngoma ya Zuhura ilichuna vizuri ila mkono ulikuwa unachosha, na Rubeni alikuwa na mnyororo na pedeli. Mimi sijui mashine, lakini niliona wanafungua hapa wanafunga pale, Zuhura kalala chini ya kitu chenyewe na kanga imejaa grisi, anaamrisha wanaume. Wakati huo watu nao, kwa sababu Mzee Juma aliwaambia kila nyumba ijiandae, walikuwa wanaendelea kushusha mahindi kutoka darini na kuyamwaga hapo. Mafungu yakawa lundo moja, halina mwenyewe. Wanawake wakashika zamu ya pedeli. Wakapukuchua mpaka magharibi, ndipo tukafunua sufuria.

Sasa ukiniuliza nani alishinda, mimi nitasema nini? Mashine moja iko hapa, uani kwa Mzee Juma. Wote wameitengeneza. Na usiagize irudi huko, kina mama wamesema haishuki.

Sikuandika mapema kwa sababu nilijua unachotaka, na sikuwa nacho.

Dada yako,
Dorkasi


Dar es Salaam,
16 Mei 1976

Dada,

Shikamoo. Wote wasalimie.

Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikazunguka uwanja wa mpira, nikarudi, nikaisoma tena. Nilikuwa na hasira nawe, nakwambia kweli. Nimewapangia mashindano kwa miezi mitatu, wewe umeyavunja kwa mwiko.

Niliwaambia vijana kila kundi liandike taarifa na litaje mshindi, nikitumaini angalau kila mmoja atajitaja mwenyewe nikapata pa kuanzia. Kundi la Rubeni limeandika mshindi ni Zuhura, kwa sababu ngoma yake ndiyo inayochuna. La Zuhura limemtaja Sefania, kwa sababu bila fremu yake vyote vingekaa chini. Sefania kaandika Rubeni, na akaongeza ukurasa mzima kueleza kwa nini mti mbichi hupasuka. Ukurasa ule, dada, ni bora kuliko chochote nilichowahi kumfundisha. Lakini hauna mshindi.

Mkuu alizisoma zote tatu mbele yangu. Akasema kumbe nimewafundisha kukwepa mtihani. Akauliza mashine yenyewe iko wapi aipeleke Sabasaba, nikasema iko Irente na wanawake wamekataa isishuke. Nilidhani atanifukuza palepale. Badala yake kavaa miwani, akasema atakwenda kuiona mwenyewe na kuwauliza wanakijiji kwa kinywa chake. Anakuja mwanzoni mwa Juni na dereva Salimu, kamchukua Zuhura awe wa kumwonyesha njia. Mimi kanikataza kufuatana naye.

Nakuomba kitu kimoja. Akiuliza nani alishinda, mwambieni Rubeni. Alimaliza kwanza, si uongo. Semeni Rubeni, nyote, na mimi nitabaki na karakana yangu.

Na lile swali lako la kila barua, sikulijibu kwa sababu ninaogopa. Nikija mama atanitazama, na nitashindwa kuondoka. Nawapenda. Lakini kazi hii, dada, sijawahi kuwa mtu kama ninavyokuwa mle karakana.

Mdogo wako,
Fanueli


Irente,
13 Juni 1976

Mdogo wangu Fanueli,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi wazima wa mwili. Hali ya nyumba nitakwambia mwishoni.

Mkuu wako alifika Jumatatu, na suti, na viatu vinavyong'aa, na tope la Irente likampokea. Tulikuwa tumepatana, nyumba kwa nyumba, jibu ni Rubeni. Hata Mzee Juma alikuwa analikariri njiani. Mkuu akakalishwa kwenye kiti, akakohoa, akauliza, "Ndugu wananchi, katika yale mashindano nani alishinda?" Mzee Juma akasimama, na nilimwona kabisa akilitafuta jina. Akasema, "Bwana Mkuu, sisi hatukumwona aliyeshindwa. Aliyeshinda tungempata wapi?" Watu wakaitikia. Mimi nikafunika uso na kanga, nikajua umekwisha.

Mkuu akaomba kuiona mashine. Ilikuwa zamu ya kina mama wa bondeni, na lundo lilikuwepo, na unajua kwetu mtu hasimami mbele ya lundo mikono mfukoni. Mama mmoja akamwamkia, akashuka kwenye pedeli, akampisha. Basi Mkuu akavua koti. Alikanyaga vizuri kwa kitambo, jasho likamtoka, akaanza kucheka peke yake. Kisha mnyororo ukachomoka. Akainama kuurudisha, akautazama hivi, akautazama vile, na mikono ikawa myeusi, mnyororo hauingii. Zuhura alisimama pembeni amefunga mdomo. Mwishowe Mkuu akamwita, naye akamwonyesha, polepole, kwa heshima zote, bila kumcheka. Mkuu akaurudisha mwenyewe. Akakaa pale mpaka lundo likaisha, hakuna aliyemwambia akae.

Alipokula ndipo akasema mashindano yataendelea kila mwaka. Ila ameongeza kanuni, kundi litakalomaliza kwanza lisihesabiwe limemaliza mpaka limeliinua lililo nyuma. Aliisema akiwa ameinua kidole, kama ameizua yeye usiku ule. Mzee Juma akampigia makofi. Sabasaba wataonyesha picha ya mashine, yenyewe inabaki kwetu. Karakana yako haifungwi. Hongera, mdogo wangu.

Sasa hali ya nyumba. Jumanne asubuhi alikuja kwetu kuaga, na mama akawepo, na Timotheo. Akasema kuna ofisi Tanga inatafuta mtu wa kuangalia mashine za vijijini katika mkoa mzima. Ni cheo, na kina nyumba. Akasema yeye anaweza kukuachilia au kukubakiza, yote mawili ni mema kwake, na kwa kuwa amesikia nyumbani tunakuhitaji, anauliza familia. Mama hakungoja amalize. Akasema, "Aje." Mkuu akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekulea.

Nikwambie ukweli wangu, Fanueli. Siku ile nilipowarudisha wale vijana na mwiko wangu, mkono ulitangulia. Lakini usiku, nilipojua nimekuharibia, sikuhuzunika kama ilivyonipasa. Nilisema moyoni, basi atafukuzwa, atarudi. Miaka yote hii umekuwa ukiniandikia umefaulu hili umefaulu lile, nami nimekuwa nikipiga magoti naomba ushindwe. Hata barua ile ya mwezi wa tatu niliichelewesha kwa sababu hiyo. Nilikuwa nangoja ombi langu lijibiwe.

Lakini yule binti Zuhura alilala chumbani kwangu mara zote mbili. Aliniambia alikaa chuoni mwaka mzima akichora vyuma asivyowahi kuvigusa, na wenzake wakimwambia akasomee ukarani. Halafu ukaja wewe ukamwekea spana mkononi, ukaondoka, hukusimama kumwangalia. Akasema, "Mama, aliondoka. Ndipo nilipojua ananiamini." Alilia kidogo. Mimi pia.

Basi Mkuu akinisubiri, nikafungua kinywa kusema aje, na nikasema, "Muache huko huko, afundishe." Timotheo alidondosha kikombe. Mkuu akanishukuru, akaondoka.

Mama hasemi nami tangu siku hiyo. Chakula anakula, lakini anamwomba Timotheo amuulize Dorkasi kama kuna chumvi. Njoo Krismasi, Fanueli. Viatu vyako nitalala navyo mimi. Njoo umweleze mama kwa mdomo wako kwamba nilifanya vyema, maana mimi mwenyewe nikiamka alfajiri sina hakika.

Dada yako anayekupenda,
Dorkasi